Mlango wa Mama Chebet

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Ni siku ambayo Mzee Kirwa wa Sugoi alikuja gereji kwetu kuchukua gari lake la spoti, akalitazama, akalizunguka, kisha akakataa kuondoka nalo.

Nitakusimulia polepole. Najua umerudi nyumbani kumtunza mzazi wako, na najua jinsi siku zako zinavyokimbia: dawa, uji, maji ya kuoga, nguo za kufua, na simu ya kazini inayolia katikati ya hayo yote. Lakini keti kidogo na mimi hapa Yamumbi, tuote jua hili kabla mawingu hayajarudi. Haya ninayokwambia hakuna hospitali itakayokuandikia.

Wakati huo nilikuwa msichana ambaye ameolewa juzi juzi. Mimi na mume wangu Wafula tulikuwa tumetoka Bungoma kutafuta maisha Eldoret, tukapata kibanda cha mabati kando ya barabara, tukakiita gereji. Wafula alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mimi nilishona viti vya magari kwa cherehani ya miguu, na nikabandika raba za milango na za vioo, zile zinazozuia maji na vumbi. Watu walikuwa wanashangaa kuona mwanamke ameinama ndani ya gari na gundi mkononi, lakini wakishaketi kwenye kiti nilichokishona hawakuuliza tena.

Mzee Kirwa alikuwa mkulima wa mahindi, mrefu, mtu wa maneno machache. Gari lake alilinunua akiwa kijana, kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anauza kila kitu arudi kwao. Lilikuwa la milango miwili, limekaa chini kabisa kana kwamba limelala tumbo, na mbele lilikuwa na pua ndefu. Kwa miaka mingi lilikuwa limesahaulika katika ghala la mahindi, kuku wakitaga kwenye viti. Akatuletea tulirudishie uhai. Wafula akanyoosha bodi na kupiga rangi, mimi nikashona viti upya na kubandika raba mpya, nene, ndizo zilizokuwa zikipatikana mjini. Injini ilishatengenezwa kwingine. Tulipomaliza, gari lilikuwa linang'aa hadi watoto wa shule walikuwa wanasimama barabarani kujitazama ndani ya rangi yake.

Basi siku hiyo Mzee Kirwa akafungua mlango wa kushoto, upande wa abiria, akauachia urudi wenyewe. Ukagusa, ukarudi nyuma. Akausukuma kidogo kwa vidole. Ukarudi tena.

"Hii mlango haifungi," akasema.

Wafula akacheka, akaushika na kuubamiza. Pwaa! Ukafunga.

"Inafunga, Mzee. Hii ni gari ya zamani, na raba ni mpya. Unaipatia nguvu kidogo tu."

"Sitaki ya nguvu."

"Itazoea, Mzee. Raba ikilala kidogo..."

"Ni ya mama ya Chebet hiyo mlango," Mzee Kirwa akasema. "Yeye hana nguvu."

Hapo ndipo tulipojua kuwa mke wake alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, mkono na mguu. Alikuwa amejifunza kutembea tena kwa fimbo, na mkono ulikuwa umeanza kurudi kidogo, lakini vidole vilikataa kukunjuka. Daktari alikuwa amemwambia Mzee kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja, tena bila kubisha hodi.

Mimi nilikuwa na mdomo mwepesi. Nikasema, "Lakini Mzee, si wewe utamfungia? Atakaa, umfungie mlango vizuri, muende."

Mzee Kirwa alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Tangu augue nimemfungia mlango nyingi," akasema. "Ya choo, ya jikoni, ya chumba. Hii ameniambia anataka kufunga mwenyewe."

Akaliacha gari pale, akaenda kwa miguu hadi mjini kutafuta usafiri wa kwao. Wafula alikasirika. Alitupa bisibisi kwenye sanduku, akasema mtu hawezi kurudisha kazi nzuri namna ile kwa sababu ya mlango mmoja. Lakini baada ya chai hasira yake ikaisha, maana Wafula hasira zake hazikukaa. Nikamkuta amechuchumaa kando ya ule mlango, anauinua kwa kidole, anauachia, anauinua tena.

"Nekesa," akaniambia, "nenda Sugoi ukamwone huyo mama. Mimi siwezi kutengeneza mlango wa mtu ambaye sijui anaufungaje."

Nikaenda. Wakati ule mahindi yalikuwa yamesimama juu kuliko kichwa changu, ukipita katikati yake husikii kitu ila majani yakisuguana. Nilimkuta Mama Chebet nje ya nyumba, kwenye kiti, shali mabegani, anachambua maharage kwenye sinia kwa mkono mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye uso mpana na macho ya mzaha. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye mwanamke wa viti.

"Wewe ndiye ulishona?" akauliza. "Mzee ameniambia ni kama kukaa kwa kochi. Ingia, ukunywe chai."

Sasa sikiliza hapa. Chai ilikuwa kwenye birika mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Mama Chebet akainuka kwa fimbo yake, akafika mezani, akaweka fimbo kando, akaanza kumimina. Birika lilitetemeka. Chai ikamwagika mezani. Nikaruka, nikalishika lile birika mkononi mwake.

"Wacha," akasema.

"Mama, nakusaidia tu."

"Kwani nimekuita?"

Hakupaza sauti, lakini mkono wangu ulirudi wenyewe. Nikaketi. Akamimina, polepole, akisimama kupumzika katikati, hadi kikombe kikajaa. Akakisukuma kwangu kwa upande wa mkono. Nusu ya chai ilikuwa kwenye kisahani. Nakwambia, mwanangu, sijawahi kunywa chai nikiwa na aibu namna hiyo.

Alipoketi akaanza kucheka.

"Usikasirike na mimi, msichana wangu. Mimi siku hizi nashikwa kila mahali. Chebet ananivalisha, ananilisha, ananichana nywele. Mzee ananishika mkono hata kama naenda kutazama kuku. Ni watu wazuri sana. Lakini jioni nikilala nakuwa najiuliza, leo nimefanya nini mimi? Naona hakuna. Nimefanyiwa tu."

Nikamuuliza kuhusu mlango. Uso wake ukabadilika, ukawa wa msichana.

Akaniambia kwamba alipoolewa aliingia katika boma lenye watu wengi: mama mkwe, mashemeji, wafanyakazi, ng'ombe wa kukamua asubuhi na jioni. Jina lake lilikuwa likiitwa kutwa nzima. Kisha Mzee Kirwa akanunua lile gari, na watu wote wakamwona amepotewa na akili, maana halikuweza kubeba hata gunia. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akimwambia mke wake aingie. Naye huingia, huvuta mlango, nao huenda hadi Iten, pale ukingoni ambapo bonde la Kerio linafunguka lote chini yako. Walikuwa wanaketi ndani ya gari wakitazama, wanarudi kabla ya kukamua.

"Nikifunga hiyo mlango," akasema, "hakuna mtu alikuwa ananiita tena. Hata mama mkwe. Hata ng'ombe. Ilikuwa inalia ta, kidogo tu, na mimi nakuwa wa mtu mmoja." Akatazama mkono wake wa kushoto ulioko mapajani. "Nataka kuisikia tena. Lakini nikifungiwa, ni kama napelekwa hospitali."

Kabla sijaondoka nilimwomba anionyeshe jinsi anavyofunga vitu. Akanipeleka hadi kwenye geti la zizi. Vidole havikushika, lakini aliingiza kifundo cha mkono nyuma ya ubao, akavuta kwa bega na mwili mzima ukirudi nyuma. Nguvu ilikuwepo, mwanangu. Ila haikuwa kwenye vidole. Nikarudi Eldoret nikiwa na hilo kichwani.

Tulianza upya. Wafula aliutoa mlango wote. Milango ya gari kama lile ni mirefu na mizito, kwa hivyo miaka ikipita inalemea bawaba zake na kuning'inia. Alipotoa pini za bawaba alikuta zimelika upande mmoja. Akaenda kuchongesha pini mpya, akazipaka grisi, kisha tukaurudisha mlango juu ya jeki na kipande cha ubao, yeye akikaza bolti, mimi nikiangalia kama nafasi kati ya mlango na bodi imelingana juu hadi chini. Nikisema "inua," anainua. Nikisema "simama," anasimama. Mambo ya kawaida kabisa hayo. Lakini leo nikikaa hapa peke yangu, sauti yake akiuliza "hapo, Nekesa?" ndiyo ninayoitafuta.

Baada ya bawaba tukaja kwenye kufuli. Ilikuwa na grisi ya zamani iliyoganda na vumbi la mahindi. Wafula akaiosha kwa mafuta ya taa hadi ikawa inabonyea kwa kidole. Kile chuma cha kwenye nguzo ya bodi, ambacho kufuli hukamata, akakisogeza kidogo nje, akajaribu, akakisogeza tena. Mara kukawa na upepo unaingia, mara mlango ukawa mgumu. Kazi ya namna ile haina njia ya mkato.

Kazi ya raba ilikuwa yangu. Nikazibandua zote. Nilikata vipande vya gazeti, nikawa nafunga mlango juu ya karatasi halafu naivuta. Ikitoka kwa urahisi najua hapo raba haigusi. Ikiraruka najua hapo inabana kupita kiasi. Nikatafuta raba laini, yenye uwazi katikati kama mrija, inayobonyea ikiguswa. Ilibidi niunganishe vipande, nikavibandika kidogo kidogo, karatasi mkononi, hadi karatasi ikawa inatoka kwa kusita, pande zote sawa. Mwisho nikashona kitanzi cha ngozi, kipana, chenye sponji ndani, nikakifunga kwenye mlango mahali ambapo kifundo cha mkono wa Mama Chebet kingefika bila kunyoosha vidole. Nilikishona kwa ngozi ileile ya viti, kisionekane kama kitu cha mgonjwa.

Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, Chebet mwenyewe akaja gereji. Alikuwa msichana wa rika langu, karani katika ofisi moja mjini, mwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Pioneer, lakini tangu mama yake augue alikuwa analala Sugoi. Alikuwa amevaa vizuri, lakini macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Ni nyinyi mnatengeneza hii gari?"

"Ni sisi," nikasema. "Karibu."

"Naomba mwache. Mwambie baba imeshindikana."

Wafula akaweka spana chini. Chebet akaanza kusema haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amejizuia tangu nyumbani. Mama yake ni mgonjwa. Barabara ya Iten ina kona na baridi. Yeye amemtayarishia chumba Pioneer, karibu na daktari, lakini mama anakataa kuja kwa sababu ya gari, na baba badala ya kumlazimisha anamsikiliza.

"Nyinyi mnaona ni mchezo," akasema. "Mimi ndiye nilimkuta ameanguka. Nilikuwa nimeenda dukani tu. Nilimkuta chini bafuni, ananiangalia, hawezi kuongea. Mnajua hiyo? Kila siku niko kazini nawaza, saa hii ameanguka. Saa hii ameanguka tena."

Akalia pale, mbele ya gari. Nikamletea kiti. Aliyoyasema yote yalikuwa kweli, mwanangu. Nikamwambia tu kwamba mama yake alinimiminia chai.

Akainua kichwa. "Alimimina mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza."

Chebet akafuta macho. "Mimi huwa simwachii," akasema polepole. Akaondoka bila kuaga, na hatukujua kama tumemuudhi au la.

Siku ya kupeleka gari ilikuwa Jumapili. Wafula aliendesha, mimi nikaketi upande ule wa kitanzi, na njia nzima nilikuwa naufungua na kuufunga tukisimama mahali, hadi akanikataza. Tulipofika Sugoi tukamkuta Mzee Kirwa amevaa koti la kanisani. Mama Chebet alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Na Chebet alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Mama Chebet alitembea na fimbo yake hadi kwenye gari. Kuketi kulichukua muda, maana gari lenyewe lilikuwa chini sana. Alitanguliza makalio, kisha akauinua mguu mmoja na kuuingiza, kisha akauvuta ule mwingine kwa mkono wa kulia. Kila mtu alikuwa anavuta pumzi pamoja naye. Akampa Chebet fimbo. Akaona kitanzi, akakigusa, akanitazama, akacheka kidogo. Mzee Kirwa akazunguka, akaketi nyuma ya usukani, akafunga mlango wake.

Mama Chebet akaingiza kifundo cha mkono kwenye kitanzi, akavuta. Mlango ukaja, ukagusa, ukarudi.

Wafula akanitazama, nami nikatazama chini. Tulikuwa tumeujaribu mlango ule hadi tumeukariri. Akavuta tena, safari hii kwa bega. Mlango ukaja, ukafika pale pale, ukasita kama kitu kilichokuwa ndani kinausukuma, ukarudi. Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Chebet akapiga hatua, mkono umenyooka kuushika mlango.

"Chebet," baba yake akasema kutoka ndani. "Ngoja."

"Baba, anachoka!"

"Ngoja kwanza."

Mwanangu, kumwona mtu unayempenda anashindwa na kitu ambacho wewe ungekimaliza kwa kidole, na ukabaki umesimama, sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Niliuona mkono wa Chebet umebaki hewani. Lakini hakuushika mlango.

Ndipo Wafula akajipiga kwenye paji la uso. "Ni hewa!" akasema. Akainama dirishani upande wa Mzee. Gari lilikuwa dogo, raba zimeziba vizuri pande zote, na vioo vyote viwili vilikuwa vimepandishwa kwa sababu ya baridi. Kule gereji tulikuwa tunajaribu mlango mmoja huku wa pili uko wazi. Njiani, kioo cha Wafula kilikuwa kimeteremshwa. Hewa haikuwa na pa kutokea, ikawa inausukuma mlango nje.

"Mzee, fungua mlango yako," Wafula akasema. "Fungua tu kidogo."

Mzee Kirwa akafungua mlango wake, akaushika kwa mkono ubaki wazi. Akamgeukia mke wake. Akasema kitu kwa Kikalenjin, kifupi, ambacho sikukielewa na sikuwahi kukiuliza. Mama Chebet akavuta pumzi, akaingiza mkono kwenye kitanzi, akaegemea nyuma.

Mlango ukalia, ta.

Sauti ndogo sana. Kuku wangekuwa wanalia tusingeisikia. Mama Chebet alibaki ameketi, mkono bado kwenye kitanzi, anatazama mbele. Halafu akasema, "Twende." Mzee akateremsha kioo chake kidogo, akafunga mlango wake taratibu, akawasha gari, wakatoka getini wakipita katikati ya mahindi, hata hawakutupungia mkono. Chebet alibaki na fimbo ya mama yake, anacheka na kulia pamoja.

Walirudi kabla ya kukamua. Baadaye sana Mzee Kirwa alinisimulia kwamba hawakushuka garini walipofika Iten. Waliketi wakitazama bonde. Na kila baada ya muda Mama Chebet alikuwa anaufungua ule mlango, anaacha baridi iingie, anaufunga tena. Alimwambia, "Niache, nacheza." Basi Mzee akawa anateremsha kioo chake na kungoja. Walienda Jumapili nyingine kadhaa baada ya hapo. Safari moja Chebet alijibana nyuma, mahali ambapo hapakuwa hata na kiti, akaenda nao.

Mahindi yale hayakuvunwa Mama Chebet akiwa hai. Kiharusi kilirudi kama daktari alivyosema. Tulienda mazishini, mimi na Wafula, tukasimama nyuma ya watu. Chebet alipotuona alikuja akanishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba mwezi ule wa mwisho mama yake alikuwa anavaa viatu mwenyewe, na kwamba yeye Chebet alikuwa anachelewa kazini kwa sababu ya kumngoja, na kwamba sasa angetoa chochote achelewe tena.

Wakati ule nilielewa maneno yake kwa kichwa. Kuyaelewa kwa mwili kulikuja baadaye.

Wafula wangu alianza kuugua tukiwa tumeshazeeka, watoto wameondoka, gereji tumeiacha. Ugonjwa ulimkula mikono kwanza, ile mikono iliyokuwa inanyoosha chuma. Asubuhi ya kanisa alikuwa anaketi kando ya kitanda akifunga vifungo vya shati. Kifungo kimoja kilikuwa kinaweza kumchukua muda mrefu hadi kengele inalia, na mimi nimesimama mlangoni na Biblia kwapani. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Nikawa najiambia, kwani amekuita? Naketi karibu naye, naanza kumsimulia habari za majirani, nani amejenga, ng'ombe wa nani amezaa. Yeye anahangaika na kifungo chake, ananijibu, anacheka. Tulikuwa tunafika kanisani wimbo wa pili au wa tatu, tunaketi nyuma. Wengine walikuwa wananiuliza mbona simvalishi mzee twende mapema.

Siku alipoona mwenyewe haiwezekani tena, aliangusha mikono mapajani, akaniambia, "Haya, Nekesa. Nifungie." Nikamfungia. Hatukuona aibu, yeye wala mimi, kwa sababu alikuwa ameniita.

Sasa Jumapili nafika kanisani mapema sana, mwanangu, kabla hata ya wanaofagia. Naketi pale mbele na sina ninayemngoja. Watu wananisifu ninavyowahi. Hawajui ningeacha nyimbo zote kwa asubuhi moja ya kuchelewa na Wafula, anahangaika na kifungo, na mimi namwambia habari za ng'ombe wa jirani.

Basi nasaha zangu ni hizi, na si nyingi. Mzazi wako akiinuka kumimina chai, muache amwage. Meza itapanguswa. Kama anahangaika na kiatu, usisimame juu yake ukitazama saa. Keti, umwongeleshe mambo mengine, umpe muda bila kumwonyesha kwamba unampa. Muulize kabla ya kumshika. Mpunguzie hatari, ndiyo, weka mkeka usioteleza bafuni, weka kitu cha kushikilia, fanya kila kitu kiwe chepesi kuvuta na kufungua. Hiyo ndiyo kazi yako, na ni kazi kubwa. Lakini tendo lenyewe, kama bado lipo mkononi mwake, usilichukue. Akishindwa atakuita, na akikuita nenda upesi, usimkumbushe kwamba ulimwambia. Na uchovu ukikupata, maana utakupata, ulie kama Chebet alivyolia, mbele ya watu watakaokuletea kiti. Kuchoka si kukosa mapenzi.

Nenda sasa, atakuwa anakuulizia. Mungu akupe mikono inayojua kungoja, mwanangu. Na siku mikono yako wewe itakapoanza kuchoka, akuletee mtu wa kuketi kando yako akikusimulia habari za majirani, hata mchelewe wote wawili.